Kidoti cha Sita

"Mkichelewa dakika tano tena, huo mlango tutauingiza ndani," mwanamke mmoja alisema kutoka koridoni, na wenzake wakamuunga mkono kwa kugonga. "Miezi saba mmetufungia. Kwani humo mnapika nini?"

Mama Picha alikuwa ameinamia mashine ya picha za matiti, ameweka kipande cha plastiki cha majaribio kati ya sahani zake mbili, maana mashine iliyolala miezi saba haiamshwi kwa kubonyeza kitufe ukaanza kubana watu. Alipiga picha ya kwanza, ikatoka na mstari mweupe katikati. Alipiga ya pili, mstari ukawa palepale. Akapitisha kucha juu ya sahani na kuchomoa uzi wa plastiki, aina ya zile kamba zinazofungia maboksi. Kwa miezi yote hiyo chumba chake kilikuwa kimegeuzwa stoo ya glavu, na hakuna aliyejisumbua kuifunika mashine hata kwa shuka.

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake. Jina la Mama Picha alipewa na wagonjwa, miaka mingi nyuma, nalo likamganda hata msimamizi wa hospitali akasahau lile la kwenye barua ya ajira. Mtoto aitwaye Picha hakuwa naye. Alikuwa na mashine tatu, na hadi mwaka huu alidhani zinamtosha.

Msimamizi mwenyewe aliingia bila kubisha, barakoa imening'inia kidevuni, akamwekea karatasi juu ya meza.

"Arobaini," alisema.

"Tulikuwa tunapiga kumi na wawili kwa siku. Na tulikuwa wawili."

"Wakati ule hawakuwa wanagonga milango. Piga arobaini, Mama Picha. Anayeulizwa huko juu ni mimi, si wewe."

Alitoka kama alivyoingia. Mama Picha akaichukua orodha na kuipitia kwa kidole. Jina la kumi na moja alilisoma mara mbili, ingawa alilijua tangu herufi ya kwanza. Lilikuwa la wifi yake.

Mkono wake ulipanda wenyewe hadi kifuani, kwenye kitambulisho kilichoning'inia shingoni ndani ya mfuko wa nailoni. Alikigusa kwa nyuma na kuhisi kile kiduara kidogo cha karatasi. Kilikuwepo. Kilikuwepo kila siku aliyokigusa, na siku za kukigusa zilikuwa nyingi.

Janga lilipoanza, korido ya picha ilikauka. Hakuna aliyeamini jambo kama hilo linawezekana. Korido ile ilikuwa na watu tangu siku ilipojengwa: waliovunjika mikono, wenye mawe kwenye figo, wajawazito na chupa zao za maji, wazee wa magoti. Ndani ya siku kumi wote walitoweka, kama watu waliosikia mbwa amefunguliwa. Mifupa haikuacha kuvunjika, bali watu walijifunga vitambaa nyumbani na kusaga meno. Wajawazito walikaa na mimba zao bila kujua mtoto amelalaje. Mtu alikuwa tayari kufa na ugonjwa wake anaoujua kuliko kuja kuchukua asioujua. Mama Picha alikaa kwenye benchi la wagonjwa, yeye na fundi wa umeme, wakitazama ukuta.

Halafu vikaja vifua. Vilikuja kwa mkupuo na havikuletwa koridoni, vilifuatwa wodini. Mwenzake wa zamu, mzee mcheshi aliyeitwa Mzee wa Magurudumu, ndiye aliyekuwa akiisukuma ile mashine ndogo ya magurudumu kutoka kitanda hadi kitanda. Mapafu mazima hutoka meusi kwenye picha. Haya yalitoka na mawingu meupe pembeni, kisha katikati, kisha kote. Mzee wa Magurudumu alisukuma mashine ile wiki tisa, na wiki ya kumi akapigwa picha kwa mashine ileile. Aliyembonyezea kitufe ni Mama Picha. Hospitali haikubandika hata tangazo.

Lakini hilo lilikuja baadaye. Kabla yake kulikuwa na siku ya geti.

Ilikuwa wiki ya pili. Mama Picha alitoka kazini na kukuta mfuko wa nguo zake umewekwa nje ya geti la nyumba ya mama mkwe wake, nyumba waliyoishi wote: yeye, mumewe, mama mkwe aliyekuwa amelala tangu apooze upande, na wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, aliyerudi kutoka kwenye ndoa yake miaka kumi iliyopita na kulikalia jiko kama askari wa forodha. Wifi alikuwa amesimama ndani ya geti na ndoo ya maji ya dawa.

"Simama hapo hapo," alisema.

"Nimeoga kazini, wifi. Nimebadilisha na nguo."

"Hata ungeoga kwa moto. Humu kuna mama. Wewe unatoka kuwakumbatia watu wa huo ugonjwa, halafu uje ulale chumba cha pili yake?"

"Siwakumbatii. Nawapiga picha."

"Wanapumua au hawapumui?"

Mumewe alikuwa nyuma ya dada yake, mikono mfukoni. "Ni kwa muda tu, mke wangu," alisema, na maneno hayo aliyaelekeza kwenye viatu vyake mwenyewe. Kisha wifi akainamisha ndoo na kumwaga maji ya dawa pale pale Mama Picha aliposimama, naye bado amesimama. Maji yaliingia ndani ya viatu. Vilikuwa viatu vyeusi vya kazi, vya ngozi, na tangu siku ile vikapata mabaka meupe ambayo hakuna rangi iliyoyaziba. Majirani walikuwa madirishani. Mama Picha aliokota mfuko na kurudi hospitali, akatandika kwenye kile chumba cha giza cha zamani, walikokuwa wakisafishia filamu kabla mashine mpya hazijaja. Alilala humo siku arobaini na tisa, juu ya kitanda cha kubebea wagonjwa, harufu ya dawa za filamu ikiwa bado ukutani. Alimchukia wifi yake kwa moyo wake wote. Hakuificha nafsi yake jambo hilo, na hakuona sababu ya kuificha.

Katikati ya siku hizo ndipo vikaja vidoti.

Msimamizi alikusanya watu na kutangaza kwamba picha zote zisizo za vifua zimesimamishwa. Ila kwa matiti, kwa kuwa daktari wa kusoma picha alipiga kelele, zitaruhusiwa sita kwa wiki. Kila Jumatatu Mama Picha angepewa vidoti sita vyekundu vya karatasi, vyenye gundi kavu kwa nyuma kama stempu, kila kimoja kimeandikwa tarehe ya wiki yake kwa kalamu ya wino. Fomu yenye kidoti mwenyewe anaitwa, picha inapigwa, na daktari anaisoma siku hiyo hiyo. Isiyo nacho inarudi kwenye kabati. Utaratibu ulikuwa rahisi: kwanza wenye dalili, na vikibaki, vinakwenda kwa tarehe, aliyetangulia kuandikishwa ndiye anayetangulia. Kulamba kulikatazwa kwa sababu ya ugonjwa. Waliletewa kipande cha sponji kwenye kisosi.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa nne, saa sita mchana, alikuwa ameshabandika vitano. Dalili hakuna tena kabatini. Kilibaki kimoja, na fomu iliyofuata kwa tarehe ilikuwa ya wifi yake.

Karani wa kliniki alikuwa ameandika neno moja tu: "Kawaida." Yaani mtu wa kuchunguzwa tu kwa ajili ya umri, hana anacholalamikia. Mama Picha alilitazama neno lile muda mrefu, kwa sababu alijua si kweli. Siku chache kabla ya geti alikuwa amemwona wifi yake akianika shuka uani. Mkono wa kulia ulifika begani ukagoma. Wifi akaushusha, akabonyeza ubavuni, karibu na kwapa, kwa vidole viwili, kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha hapo jana. Mama Picha aliwajua wanawake wanaobonyeza namna ile. Alimuuliza, "Wifi, mkono una nini?" na wifi akamjibu, "Mkono wangu unakuhusu nini?"

Basi siku ile ya Ijumaa alilowesha kidole kwenye sponji. Akakishika kidoti. Miguu yake ilikuwa ndani ya viatu vyenye mabaka. Akasema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu, "Kawaida ingoje," akakausha kidole kwenye sketi, akarudisha fomu kabatini, na kidoti akakitia nyuma ya kitambulisho chake. Alijiambia atakibandika Jumatatu. Alitaka wifi yake aumie kidogo, siku mbili tatu tu, asijue ameumizwa na nani.

Jumatatu hakukuwa na Jumatatu. Wodi zilifurika, chumba kikajazwa maboksi ya glavu, vidoti vikasimamishwa, na msimamizi akapita akikusanya vilivyobaki. Kwake hakukuta kitu. Mama Picha alimwambia vimekwisha vyote sita.

Baadaye mama mkwe alisema kwa nusu mdomo wake unaofanya kazi kwamba anamtaka mkwe wake nyumbani, akarudishwa. Sahani yake na kikombe chake viliwekwa peke yake dirishani. Yeye na wifi waliishi tangu hapo kwa kupishana mlangoni. Mara mbili alifungua mdomo aseme, mara ya kwanza mezani na mara ya pili bafuni wakigombea ndoo, na mara zote mbili wifi alikuwa amemtangulia na neno baya, naye akafurahi kupata sababu ya kunyamaza. Kisha akaja kuona kwamba wifi haaniki tena nguo, anamwachia mdogo wake, mume wa Mama Picha. Kuanzia siku hiyo usingizi ulimkimbia Mama Picha, na hakuna aliyejua ni kwa nini anakonda.

"Kumi na moja," aliita sasa.

Wifi aliingia akiwa ameshika mkoba mbele ya tumbo kama ngao. Alifuta kitasa kwa kitambaa kabla ya kuufunga mlango.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi. Mwenzangu amekufa."

"Nilisikia."

"Pole hukunipa."

"Na wewe hukusema umefiwa."

Mama Picha alionyesha pazia. "Vua juu, mpaka kiunoni. Vaa hilo gauni, lifungukie mbele."

"Sitaki unishike."

"Basi msubiri mwingine. Akishaajiriwa atakuita."

Nje mtu aligonga na kuuliza kama waliomo ndani wamelala. Wifi alisimama kidogo, taya zimekaza, kisha akaenda nyuma ya pazia. Alitoka na gauni la hospitali, mabega yamekuwa membamba. Mama Picha hakuwa amemwona bila nguo zake za kutawala jikoni, na hilo lilimuudhi, kwa kuwa ilikuwa vigumu kumchukia mtu aliyevaa gauni lenye muhuri wa hospitali.

"Vaa glavu," wifi alisema.

Akavaa. Alipomsogeza kwenye mashine, akazivua na kunawa tena, akamshika kwa mikono mitupu. Titi haliwekwi sawa kwa mpira, linateleza, na picha iliyoteleza hurudiwa. Hiyo ilikuwa sababu ya kazi. Sababu nyingine ilikuwa kwamba alitaka kumuudhi.

Alianza na la kulia. Alilibeba kwa kiganja, akalilaza juu ya sahani, akalivuta taratibu kutoka kwenye mbavu, na chini ya kidole chake cha kati akakikuta. Kilikuwa kigumu. Hakikuwa kidogo. Kidole chake kilikaa pale nusu sekunde zaidi ya inavyotakiwa, na wifi akageuza macho na kumtazama. Barakoa ilificha kila kitu isipokuwa macho, na macho ya Mama Picha hayakuwahi kujifunza kusema uongo.

"Geuza uso kule," alimwambia. "Kidevu juu."

Akakanyaga pedali. Sahani ya juu ikashuka.

"Unanibana kusudi."

"Inabana kila mtu."

"Unanibana kusudi, nakwambia."

Mama Picha alitazama kipimo kwenye mashine. Ilikuwa imebana kama kawaida, wala si zaidi. Hata hivyo aliilegeza kidogo. Akaenda nyuma ya kioo. "Usipumue," alisema, na mashine ikanguruma. Picha ya pili, ya ubavuni, ilihitaji mkono upandishwe ushike chuma cha juu. Mkono haukupanda. Wifi alijaribu mara tatu, jasho likamtoka kwenye paji, na mara ya nne Mama Picha aliubeba mwenyewe kwa kiwiko na kuulaza juu ya mashine, kama mtu anayelaza mtoto.

Kwenye kioo cha kompyuta picha zilifunguka. Kazi ya miaka ishirini na miwili ilimfundisha kutazama kwanza kingo, kisha nuru, kisha ndani. Hakufika kwenye kingo. Doa lilikuwa katikati, jeupe, lenye mizizi inayotoka pande zote.

Sheria ya kazi yake ilikuwa moja tu, na hakuwahi kuivunja: anayepiga picha hasemi. Anayesema ni daktari, na daktari alikuwa ghorofa ya pili, mlango umefungwa, fomu zinapita kwenye tundu la ukutani. Maombi ya mdomo alishakataa, maana kila mfanyakazi wa hospitali alikuja na shangazi yake. Fomu za leo zilikuwa zinakwenda chini kabisa ya rundo, na rundo lenyewe lilikuwa na watu wa wiki tatu. Kitu kimoja tu daktari alikuwa bado anakiheshimu akikiona, na kitu hicho kilikuwa kimeandikwa tarehe. Daktari angesoma tarehe. Msimamizi angesoma tarehe na kujua kwamba alidanganywa. Kazi pekee aliyoijua ingeishia hapo, na kwa mumewe angekwenda kusema nini?

Alisimama nyuma ya kioo na mkono kifuani.

"Umeona kitu," wifi alisema. Alikuwa ameshikilia gauni kwa mkono wa kushoto.

"Daktari ndiye anayesoma."

"Sikuulizi daktari. Nakujua wewe, unatembea humu kama mwizi. Umeona kitu."

"Kwa nini uliandikisha kawaida?"

"Nini?"

"Fomu yako. Ulimwambia karani huna chochote. Ulikuwa nacho."

Wifi alicheka kwa pua, kicheko kibaya. "Yule karani si jirani yetu? Ningemwambia, mtaa mzima ungekuwa unajadili kifua changu kabla sijafika nyumbani. Wangesema na wewe umeniletea laana." Kisha kicheko kikakatika. "Wewe umejuaje kwamba nilikuwa nacho?"

Mama Picha alivua kitambulisho shingoni. Vidole vyake vikubwa vilihangaika na ule mfuko wa nailoni hadi kidoti kikatoka, chekundu bado, kimepinda kidogo kwa kukaa. Alikiweka juu ya fomu ya wifi yake, kwenye kona, mahali pake. Akatafuta kisosi cha sponji. Kilikuwa juu ya kabati, na sponji ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama kipande cha mkate uliosahaulika. Alisogea kwenye sinki ailoweshe, na akafungua bomba.

Aliporudi, wifi alikuwa amekiokota kidoti na kukisogeza karibu na macho. Hakuwa na miwani yake, ikabidi akisogeze mbali tena.

"Hii tarehe ni ya mwezi wa nne," alisema.

"Ndiyo."

"Ni ya nini?"

"Ni ya kupita mbele. Kilikuwa cha kwako. Zamu ilikuwa yako, nikakiweka." Alisikia sauti yake imekauka kuliko ile sponji. "Nilikuona unaanika shuka. Mkono ulikataa kupanda. Ile fomu yako ilipofika mezani kwangu nilijua ni uongo, na nilikuwa na hicho mkononi."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Ukakificha."

"Nilikuwa nakuchukia, wifi. Nilitaka ungoje mpaka Jumatatu. Halafu wakafunga chumba."

Nje koridoni mtu alikuwa akibishana na msimamizi kuhusu namba yake, na msimamizi alikuwa akijibu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuchoka tangu asubuhi. Macho ya wifi yalishuka polepole, yakapita kwenye sketi ya kazi na kutua sakafuni, kwenye viatu vyeusi vyenye mabaka meupe. Yalikaa hapo. Mama Picha alitamani kuvificha viatu, na wakati huohuo alitamani visogee karibu avione vizuri zaidi.

"Ningekuwa mimi," wifi alisema hatimaye, "ningekichana."

Kisha akafanya jambo ambalo Mama Picha asingelitegemea kwake hata kwa ndoto. Mwanamke huyu aliyefuta vitasa, aliyeosha sarafu, aliyemwagia mtu dawa miguuni mbele ya majirani, alishusha barakoa yake hadi kidevuni, akatoa ulimi, na kukilamba kidoti. Alikilamba vizuri, mgongo wote, kama mtu anayetuma barua mbali. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Akakibandika kwenye kona ya fomu na kukikandamiza kwa kidole gumba, akakikandamiza tena, na alipoondoa kidole, wekundu ulikuwa umemwingia kwenye ngozi.

"Watakufukuza?" aliuliza, bila kupandisha barakoa.

"Huenda."

"Vizuri," alisema wifi. Haikujulikana alimaanisha nini, na hakueleza. Alitazama mashine. "Ulisema picha ngapi?"

"Nne. Bado mbili za kushoto."

"Basi malizia. Wale nje watatuvunjia mlango."

Akajisogeza mwenyewe. Mama Picha alifuta sahani kwa kitambaa chenye dawa, akazunguka, akalibeba titi la kushoto kwa kiganja na kulilaza, akilivuta taratibu kutoka mbavuni. Alitafuta kwa kidole cha kati, juu, pembeni, chini. Akatafuta tena. Wifi alikuwa amegeuza uso upande mwingine na hakuuliza. Mkono wake wa kulia, ule usiopanda, ulikuwa ukipapasa hewani ukitafuta pa kushika, ukaukuta mkono wa koti la kazi la Mama Picha na kuukamata kwenye pindo. Kidole gumba kiliacha alama nyekundu juu ya kitambaa cheupe.

"Inabidi niende nyuma ya kioo," Mama Picha alimwambia.

Wifi aliachia.

Alikwenda. Alisimama pale penye kitufe, fomu iko kando yake juu ya meza, kona yake imelowa. Mtu aligonga mlango, mara hii kwa ngumi.

"Usipumue," alisema Mama Picha, na nyuma ya kioo yeye naye akazuia pumzi.